Salfa haijipulizii yenyewe

Likizo iliyopita tulirudi nyumbani Newala wakati wa kupulizia mikorosho. Alfajiri, kabla upepo haujaanza, mashine zinanguruma mashambani na vumbi la njano linapanda juu ya miti. Hiyo ndiyo salfa, kinga ya maua dhidi ya ubwiriunga. Asiyepulizia havuni cha maana.

Misimu ya karibuni Serikali imekuwa ikigawa salfa kwa ruzuku kupitia vyama vya msingi, kwa wakulima waliosajiliwa. Ni jambo jema. Lakini kila mwaka tunasikia lawama ileile: kuna wakulima wanaouza mifuko ya ruzuku. Hata sisi, tukiwa tumeshiba bwaloni, tumewahi kusema kwamba watu hao hawasaidiki.

Kisha tukakaa na mama mmoja mjane, jirani wa mmoja wetu. Alipata mifuko yake, lakini hana mashine. Inabidi aikodi, anunue petroli, amlipe kijana wa kupulizia, na kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa kwa msimu. Akauza mfuko mmoja ili apate kupulizia iliyobaki. “Wanangu,” alituambia, “salfa haijipulizii yenyewe.”

Darasani tunamsoma Aristotle: haki katika kugawa ni uwiano, na ugomvi huanzia kwenye kipimo. Kwetu kipimo ni mikorosho. Mwenye mikorosho mingi, ambaye mara nyingi ana mashine yake, hupata mifuko mingi. Mwenye michache hupata michache na hana cha kupulizia. Hesabu iko sawa. Haki je?

Tuliwahi kukosea namna hii. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likazisomba. Ukaja uhakiki: mwenye zaidi ya kilo 1,500 aonyeshe shamba lake, ili wanunuzi wa kangomba wanaswe. Sawa, kangomba ni unyonyaji. Lakini aliyeuza korosho zikiwa bado maua aliuza kwa sababu ghala lilikuwa tupu mwezi wa pili, na hilo halikuhakikiwa. Wakati huohuo wakulima halali walisubiri malipo hadi mwaka uliofuata, ada za watoto zikiwadai.

Tunaomba jambo dogo. Kwa wenye mikorosho michache, ruzuku ifike mpaka kwenye mti: chama cha msingi kiwe na mashine za pamoja, na petroli ihesabiwe kuwa pembejeo kama salfa. Majina ya wanaopewa yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, wote wakisikia. Tutaambiwa fedha hazitoshi. Hadi mwaka 2018, asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilikuwa ya kuendeleza zao hili. Fedha hizo zilitoka kwenye jasho la wakulima hawahawa. Anayeiita ruzuku sadaka amesahau hilo.

Yule mama hakuweza kulipia mzunguko wa mwisho. Mikorosho yake minane, ile iliyo karibu na njia ya kushukia bondeni, haikupuliziwa. Tulipoondoka kurudi seminarini, maua yake yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya kahawia.