BARAZA LA MWALIMU: Bao la Visanduku vya Mayai



Mama mmoja miongoni mwenu ametuandikia kwamba mumewe ameachishwa kazi, nyumba imepoa, naye hajui awafanyie nini watoto wasiuone unyonge wa wazazi wao. Anatuuliza sisi kwa kuwa tulikuwa walimu. Mwanetu, ualimu wetu haukutufaa sana tulipofikwa na mtihani wetu. Tutakueleza kilichotufaa.

Mwaka 2020 shule za hapa Uingereza zilifungwa Ijumaa ya tarehe 20 Machi, na Jumatatu iliyofuata Waziri Mkuu akatangaza kwamba watu wasalie majumbani kwa ajili ya maradhi ya korona. Kwetu tulikuwa watano: sisi wazee wawili, binti yetu, na watoto wake, mvulana wa miaka tisa na dada yake wa miaka sita. Baba yao alikuwa Maskati, na safari za ndege zimesimama. Binti yetu kazi yake ni kuwatunza wakongwe, kwa hiyo yeye alitoka kila siku. Akirudi, huoga kabla ya kumgusa mtu, akala chumbani peke yake, na watoto wakazungumza naye mlango ukiwa umefungwa.

Sisi, kwa kiburi cha miaka mingi ya chaki, tuliandika ratiba: hesabu saa tatu, kusoma saa nne, na kadhalika mpaka alasiri. Haikumaliza wiki ya pili. Mdogo alilia, mkubwa alinyamaza, jambo ambalo kwa mwalimu ni baya zaidi. Ratiba iliyosimama ni ile isiyoandikwa na mtu: sala ya alfajiri, chai ya tangawizi, kufagia, simu ya baba yao adhuhuri, kuchagua mchele na bibi yao, na baada ya alasiri kukaa tu. Katika kukaa huko ndimo watoto walimoanza kuunda vitu.

Wakati ule madirisha ya mitaa yalijaa pinde za mvua zilizochorwa na watoto, na kila Alhamisi saa mbili za usiku watu walisimama milangoni kuwapigia makofi wauguzi. Mdogo wetu naye alichora upinde wake. Chini yake akachora mlango, na nyuma ya mlango mama yake. Hatukumwuliza kitu. Tuliubandika mahali ilipokuwa ratiba.

Mkubwa alituuliza tulicheza nini utotoni, tukamtajia bao. Akakusanya visanduku sita vya mayai sita sita, akahesabu matundu 36. Bao letu lina matundu 32, safu nne za manane. Akakata manne, yaliyobaki akayaunganisha kwa gundi ya unga. Komwe hazipatikani huku, akahesabu maharage 64, bibi yake akinung'unika kwamba anapunguziwa kitoweo. Nyumba hakuweza kuifanya mraba, akaipaka rangi nyekundu ijulikane. Hesabu iliyokataa kuingia saa tatu asubuhi ikaingia hapo bila kubisha hodi.

Kila alasiri tukacheza. Tulimfundisha kunamua, kisha mtaji, tukamsimulia habari za mdogo wetu wa Tanga ambaye tangu utotoni hatukupata kumfunga hata mara moja.

Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili. Misikiti imefungwa, tarawehe tukaisali sebuleni. Katika kumi la pili ikaja simu: mdogo wetu amefariki kwa maradhi ya sukari, na atazikwa alasiri ile ile. Hakuna ndege, wala jeneza la kutia mkono. Tulimsomea hitima sisi watano, mmoja wetu akiwa nyuma ya mlango.

Siku tatu hatukuligusa bao, lakini kila alasiri lilitandikwa. Mvulana alipanga kete kila upande, sita nyumbani, mbili na mbili pembeni yake, 22 kikombeni, akacheza pande zote mbili peke yake, kimya, karibu na miguu yetu. Siku ya nne, akichezea upande wetu, alikosea. Mkono wetu ukanyooka wenyewe kumsahihisha.

"Basi cheza wewe, Babu," akasema.

Tukacheza, tukamfunga, na katikati ya mchezo tukamlilia ndugu yetu kwa mara ya kwanza. Mtoto aliinamia kete zake kwa adabu mpaka tulipomaliza.

Kwa hiyo, mwanetu, usihangaike kuwatafutia watoto mambo mapya. Chai iwe kwa saa yake, hata ikiwa ya rangi. Baba yao, maadamu yupo nyumbani, akae nao sakafuni, na wala asione haya. Watauona unyonge wenu. Watoto huona kila kitu. Na visanduku vya mayai usivitupe.

Bao letu lingalipo juu ya kabati. Kete tatu zimepotea, badala yake tunatumia vifungo vya shati. Mwenyewe sasa ana sauti nzito, na Jumamosi iliyopita ametufunga mara mbili.