Dakika Kumi na Tano za Asubuhi

Ofisi za Serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi. Tangu hapo hadi saa 9:30 alasiri kila mtumishi yupo kwenye meza yake, na huenda akafanya kazi yake kwa bidii. Lakini ni ofisi ngapi ambazo mtumishi wa meza hii anajua mwenzake wa meza ya pili amekwama wapi?

Mwaka jana nilimsindikiza mwalimu mmoja, anayekaribia kustaafu, kufuatilia malimbikizo ya mshahara wake katika ofisi ambayo hapana haja ya kuitaja. Masjala waliamini jalada liko kwa mhasibu. Mhasibu alikuwa akingoja lirudi kutoka idara ya utumishi. Utumishi walikuwa nalo, wakisubiri barua moja ambayo ilikwisha fika siku nyingi, ila iliwekwa katika jalada jingine kule kule masjala. Miongoni mwao sikuona mvivu wala mla rushwa. Hawakuwa wamezungumza tu, na mwalimu yule alilipa nauli ya basi mara nne.

Si kwamba nchi yetu haina desturi ya wafanyakazi kushauriana. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na sheria ya majadiliano ya mwaka 2003 ikayaweka katika utumishi wa umma. Lakini baraza hujadili bajeti na maslahi. Halikutani kulitafuta jalada lililopotea jana.

Kinachotakiwa ni kikao kifupi cha kila asubuhi, watu wakiwa wamesimama, pasipo chai wala mgeni rasmi. Kila mmoja aseme atafanya nini leo, na nini kimemkwamisha. Wauguzi hukabidhiana wagonjwa kila zamu inapobadilika. Waundaji wa programu za kompyuta wanaofuata utaratibu uitwao Scrum hujiwekea kikomo cha dakika 15 kwa siku. Walimu nao husimama mstarini kila asubuhi, ila pale huzungumza na wanafunzi, si wao kwa wao.

Wapo watakaosema huo ni upotevu wa muda, na hoja yao si ya kupuuzwa. Idara ya watu 12, ikikutana dakika 15 kwa siku 5, hutumia jumla ya saa 15 za kazi kwa wiki, yaani karibu siku mbili za mtumishi mmoja. Kwa hiyo mkuu wa idara atakayekigeuza kikao hicho kuwa hotuba, au mahali pa kumkaripia aliyechelewa mbele ya wenzake, atakuwa amezipoteza bure. Kuanzia wiki ya pili kila mtu atajibu, "Kazi inaendelea vizuri, Mzee." Mtumishi wa chini hathubutu kutaja jalada lililolala mezani kwa mkubwa wake, mpaka mkubwa mwenyewe aanze kwa kutaja lake.

Mwalimu wetu amekwisha kulipwa. Wenzake wawili tuliowakuta kwenye benchi siku ile walikuwa bado wanafuatilia nilipopata habari zao mara ya mwisho.