GIA INAYORUKA HAIFUNGWI KWA RABA

Ndugu wafanyakazi wa mashamba na viwanda,

Sisi madereva, mataniboi na mafundi wa karakana katika shamba moja la chai upande wa Toro, magharibi ya Uganda, tuna neno la kuwaambia juu ya jambo ambalo wengi hulidharau. Ni habari ya Land Rover ambayo gia yake nzito, ile ya kupandia na kushukia milima, huchomoka yenyewe njiani.

Land Rover ya shambani ina liva mbili. Ndefu ni ya gia za kila siku. Fupi ni ya boksi la transifa, lile linalogawa nguvu za injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Liva hii fupi ina mahali patatu: gia nyepesi ya barabarani, gia nzito ya milimani, na katikati ni huru, ambapo injini haishiki gurudumu lolote. Katika boksi la LT230, gia nzito hupunguza mwendo mara 3.32, na gari likishuka mlima injini yenyewe hulizuia. Gia ikiruka, liva hurudi katikati. Injini huvuma bure, na dereva hubakiwa na breki ya mguu peke yake. Hata aliyeegesha gari kilimani akitegemea gia limshikie, gari litamtoroka asipovuta breki ya mkono na kuweka vigingi.

Msimu wa mvua uliopita gari letu lilikuwa likishuka kilimani. Nyuma lilivuta trela lililojaa magunia ya majani mabichi, na juu ya magunia walikaa wachumaji wanane. Katikati ya mteremko liva ikaruka. Dereva alikanyaga breki, lakini udongo ulikuwa umelowa, trela likasukuma, na gari likaishia ndani ya chai. Mama mmoja mchumaji alivunjika mkono. Kesho yake dereva alipewa barua ya kujieleza, eti kwa uzembe wake.

Ndugu, liva ile ilikuwa imefungwa kwa raba ya tyubu kwa miezi minne! Nyapara aliiona, na bwana meneja aliiona kila alipopanda gari hilo. Dereva alikwisha andika mara tatu katika daftari la karakana. Jibu lilikuwa lile lile: kiwanda kinangoja majani, funga uende. Wala sisi mafundi hatuwezi kujitoa lawamani, kwa kuwa raba ile tuliikata kwa mikono yetu.

Twasema wazi: raba haitengenezi kitu. Inashika liva, haishiki meno yaliyo ndani. Meno yaliyoingiana nusu, kila yanapochomoka husagika pembe, na kesho yatachomoka upesi zaidi. Hivyo kazi ya nati moja hugeuka kazi ya kufungua boksi zima.

Baada ya ajali tulipewa siku moja, tukaanza na yaliyo rahisi. Tuliweka gari mahali tambarare na vigingi kwenye magurudumu. Tuliondoa mkeka na kifuniko cha sakafu kuona kama liva inagonga mahali. Kisha tulichomoa fimbo inayounganisha liva na boksi, tukasukuma mkono wa boksi kwa mkono wetu. Uliingia mbali zaidi kuliko liva ilivyoupeleka! Kumbe gia haikuwa ikiingia yote. Tulirekebisha urefu wa fimbo. Tukatazama raba zinazobeba injini na boksi, tukakuta moja imekatika. Kwa hiyo kila dereva alipotoa mguu kwenye mafuta, boksi liliinama na kuvuta liva. Mwisho tulibadilisha springi inayosukuma gololi ya kushikia gia, maana ilikwisha choka. Oili tuliyomwaga haikuwa na vumbi la chuma. Kama ingekuwa nalo, ingetupasa kufungua boksi na kutazama uma wa gia na meno. Tulilijaribu gari mteremkoni bila mtu mwingine ila dereva, na gia ilishika.

Basi hesabuni wenyewe: siku moja, raba moja, springi moja. Ndiyo gharama iliyokataliwa miezi minne. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Madereva nao wana sehemu yao. Gia nzito huingizwa gari likiwa limesimama, klachi imekanyagwa hadi chini. Anayeilazimisha gari likiwa mbioni anavunja meno ambayo kesho yatamtupa yeye na wenzake.

Lakini mzigo mkubwa ni wa mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejitoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, asiadhibiwe.

Kwa hiyo tunadai haya. Gari ambalo gia yake inaruka lisibebe watu wala lisivute trela mpaka litengenezwe. Daftari la karakana lisainiwe na meneja kila juma, ili asiseme hakuambiwa. Wachumaji wapewe gari lao la kuwarudisha, wasipandishwe juu ya magunia. Na dereva anayekataa gari bovu alindwe na kamati ya chama.

Barua ya dereva wetu ilifutwa siku kamati ilipoweka daftari lile mezani. Lakini yule mama hulipwa kwa kilo anazochuma, na kwa mkono uliovunjika alipoteza msimu mzima. Fidia yake bado tunaidai, wala hatutanyamaza.

Ndugu, ukiona liva imefungwa kwa raba, usipande. Mwite mwakilishi wa chama.