Santuri 500 zilizookoa bendi

Wasee, kuna sababu ya kutoa muziki mzito kwa santuri. Death ilikuwa bendi ya ndugu watatu weusi wa Detroit, Marekani, waliopiga panki kabla haijapata umaarufu. Kampuni ikataka wabadili jina, wakakataa katakata. Mwaka 1976 wakajitolea santuri 500 tu, kisha wakasahaulika. Miaka ikapita, wakusanyaji wakazifukua, na 2009 albamu yao ikatoka. David, mwanzilishi, alishafariki 2000.

Duma wa Nairobi hawakungoja hivyo: albamu yao ya 2020 ilitoka kwa santuri kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Bendi zetu nyingine je? Changeni chapaa, toeni hata chache. Akaunti ikifungwa, ngoma zimeenda nayo. Santuri hungoja.