Leseni Isiwe Mlango wa Wenye Nacho Peke Yao



Apitaye jioni katika mitaa ya Tandale, Mbagala au Tandika hukuta biashara mbili za kileo zikikaa jirani. Barabarani ipo baa yenye taa, viti na spika. Uchochoroni, katika ua wa nyumba ya kupanga, yupo mama anayeuza komoni au wanzuki, na pengine ameficha dumu la gongo uvunguni. Siku ya msako askari huipita baa na kuingia uchochoroni.

Hatuandiki haya ili kuutetea ulevi. Sisi tunaosuluhisha ndoa zilizovunjwa na chupa, na tunaozika vijana waliokunywa wasichokijua, hatuwezi kuutetea. Wala hatusemi kwamba sheria za vileo hazina maana. Mwezi wa Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda mjini Nairobi, pombe iliyotiwa sumu iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka. Serikali isiyojali kinachouzwa kwa watu wake haitimizi wajibu wake. Tunachouliza ni kimoja: je, masharti ya leseni yanampima mwenye baa na mama wa uchochoroni kwa mizani moja?

Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inatambua leseni ya pombe za kienyeji, mbali na leseni za baa na maduka. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 nayo haikusema kwamba gongo haiwezi kupikwa kamwe. Ilisema isipikwe bila leseni. Kwa maandishi, basi, mlango upo. Lakini tumtazame mama huyu anapoujongea. Leseni ya kileo, kadiri ya sheria ya 1968, ni ya nusu mwaka. Kila baada ya miezi sita huanza upya. Anatakiwa awe na namba ya mlipa kodi, mahali panapokubalika kiafya, choo, maji, na maoni ya viongozi wa mtaa na kata. Yeye amepanga chumba kimoja, na ua ni wa wapangaji wote. Kila ofisi anayoingia humpotezea siku ya kazi. Mwenye baa hutuma karani. Yeye hufunga biashara ili aende mwenyewe, na asipokwenda watoto hawalali njaa siku hiyo, ila anabaki mvunja sheria.

Na mtu akishakuwa mvunja sheria hana pa kushitaki. Akidaiwa kitu kidogo ili aachwe, hutoa. Fedha hiyo haina stakabadhi, haifiki Halmashauri, haichimbi mtaro wala haijengi choo cha shule. Huenda kwa mwaka mzima akawa ametoa kuliko ada ya leseni yenyewe. Hivyo maskini hulipa, na mji haupati kitu.

Majirani zetu wa Kenya wametupa fundisho. Mwaka 2010 Bunge lao lilipitisha sheria mpya ya vileo, iliyofuta ile iliyopiga marufuku chang'aa. Wengi walidhani wapikaji wa mitaani sasa watatoka mafichoni. Lakini sheria ilitaka kileo kitiwe katika chupa za kioo, kifikie viwango vya ubora na kibandikwe maonyo. Masharti hayo, yaliyo mema kwa afya, mwenye kiwanda aliyamudu. Mpikaji mwenye sufuria na pipa hakuyamudu. Akabaki alipokuwa, gizani, na wanywaji wakabaki na sumu ileile: mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa tena nchini humo. Sharti lisilotekelezeka halimlindi mnywaji.

Hapa kwetu tunakumbuka viroba. Tarehe 16 Februari 2017 Waziri Mkuu alitangaza kwamba pombe za vifuko vya plastiki zitakoma tarehe 1 Machi. Lengo lilikuwa jema, kwa kuwa watoto wa shule walikuwa wakivificha mifukoni. Lakini wiki mbili hazikuwa na uzito mmoja kwa wote. Kiwanda kiliweza kuhamia kwenye chupa. Mwenye kibanda aliyeweka mtaji wake wote katika maboksi matatu hakuwa na pa kuhamia.

Swali hili litarudi katika sura nyingine. Lesotho ilianza mwaka 2017 kutoa leseni za kulima bangi ya dawa, na Malawi ikatunga sheria yake mwaka 2020. Huko nako wakulima wadogo wamelalamika kwamba ada zimewekwa kwa kimo cha makampuni makubwa. Kwetu bangi imekatazwa, na hatuombi iruhusiwe. Tunaonya tu kwamba nchi isiyojifunza kutoa leseni ya komoni kwa haki haitaweza kutoa kwa haki leseni ya jambo lililo kubwa zaidi.

Tunapendekeza nini, basi? Kwanza, ada na masharti yote yabandikwe katika ofisi za mitaa na kata, kwa Kiswahili chepesi, ili asiwepo wa kuyauza. Pili, anayenyimwa leseni apewe sababu kwa maandishi na aelezwe mahali pa kukata rufaa. Tatu, akina mama wanaouza pombe za kienyeji waruhusiwe kuungana na kuwa na mahali pamoja penye maji na choo, wafundishwe usafi na afisa afya kabla ya kutozwa faini, na walipe ada kidogo kidogo. Nne, majirani wasikilizwe katika mkutano mkuu wa mtaa kabla leseni haijatolewa, kwa kilabu na kwa baa sawasawa, maana mtoto anayeshindwa kusoma usiku haulizi kelele zinatoka kwa tajiri au kwa maskini. Tano, msako ukifanyika uanzie barabarani.

Kwa akina mama wenyewe tuna neno pia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na siku hizi wapo wanaotia vibaya kuliko maji. Haki mnayoidai inawadai nanyi. Anayeuza sumu hatutamtetea, hata akiwa mjane.

Nanyi wenyeviti, watendaji na madiwani wa Kinondoni na Temeke, fungueni daftari za leseni za kata zenu. Hesabuni majina yaliyomo, kisha tembeeni uchochoroni mkahesabu wasiomo. Hao nao ni wananchi wenu.