Nyumba inauzwa mbele ijengwe: makuta yako yanashikwa na nani?

Mchimbaji akitoka Misisi ao Kamituga na pesa kidogo, watu wa Uvira wanajua mbele hata afike nyumbani kwake. Mmoja anamletea habari ya parsele, mwingine ya gari, na kuna yule anayefungua telefone na kumuonyesha picha: ghorofa nyeupe kando ya ziwa, vioo vikubwa, mitende imepangwa mstari. Nyumba yenyewe haiko. Iko paka kwenye picha. Atoe nusu ya bei leo, kisha mwaka mmoja atapewa ufunguo.

Biashara hii yenyewe si wizi. Kinshasa, Nairobi, Dar es Salaam, Dubai, Paris, pote wanauza nyumba mbele ijengwe. Mjengaji anapata pesa ya kuanzia bila kupiga magoti kwa banki, mnunuzi anapata bei ya chini. Lakini angalieni vizuri nani amekuwa nani. Mnunuzi njo amekuwa banki ya mjengaji, na hana hata nguvu moja ya banki. Banki ikikopesha inaomba rehani, inatuma mtu kuangalia shantie, inatoa pesa kidogo kidogo. Sisi tunatoa kwa mkupuo mmoja, tunapewa risi yenye muhuri, tunarudi kwenye shimo.

Wengine watasema: mjengaji akinidanganya nitamfunga. Tukumbuke basi ile kesi ambayo inchi yote iliifuata kwenye televizyo mwaka wa 2020. Katika programu ya siku 100 ya Rais Tshisekedi, iliyotangazwa Machi 2019, serikali ilikuwa imeagiza nyumba 1.500 za kupachikwa, zile tunaita prefabrike. Kampuni ya Samibo, ya mfanyabiashara wa Libani Jammal Samih, ililipwa mamilioni ya dola mbele nyumba zisimame. Na mnunuzi hakuwa mchimbaji asiyejua kusoma mkataba. Alikuwa Leta yenyewe, na wizara zake, wanasheria wake, banki yake kuu. Hata yeye alilipa mbele, hata yeye akangoja.

Tarehe 20 Juni 2020 tribinali ya Gombe ilimhukumu Vital Kamerhe, aliyekuwa mkurugenzi wa ofisi ya Rais, pamoja na Jammal, miaka 20 ya kazi ngumu, kwa hesabu ya zaidi ya milioni 48 za dola. Mwaka wa 2021 rufaa ikapunguza adhabu. Juni 2022 korti ya rufaa ikawaachilia. Mwaka uliofuata Kamerhe akaingia serikalini.

Hapa Kivu kila mtu iko na mawazo yake juu ya kesi hiyo, hasa sababu Kamerhe ni mtoto wa kwetu. Mimi siifungui tena, korti imekwisha kusema neno lake. Ninatazama kitu kingine. Kwa miaka miwili watu wote waliuliza: nani aliiba? Jibu la mwisho likawa: hakuna mwizi. Sawa. Na nyumba je? Kesi ya jinai inatafuta mwizi, haitafuti nyumba. Mtu anaweza kuchelewa miaka mitatu, kupandisha bei katikati, kuacha shantie kwenye fondasio, na asiwe mwizi mbele ya sheria. Mnunuzi anayetegemea jela ya muuzaji anaweza kukosa vyote viwili: muuzaji haendi Makala, na ufunguo hauji.

Kenya waliona sura nyingine ya jambo hilo hilo. Kampuni ya Cytonn ilikusanya akiba za watu ili kujenga maghorofa, kama yale ya The Alma kule Ruaka, karibu na Nairobi. Mwaka wa 2021 mfuko wake mkubwa ulishindwa kurudisha pesa, na Januari 2023 Mahakama Kuu iliamuru ufilisiwe. Maelfu ya watu, zaidi ya bilioni 10 za shilingi za Kenya. Kampuni ikifilisika hivyo, mwenye rehani anapita mbele. Mwenye risi tu anapanga mstari nyuma, na mara mingi akifika kwenye meza, sahani imekwisha kulambwa.

Kuna inchi zilizochoka na mchezo huu zikaamua kushika pesa yenyewe, hapana kushika mtu baadaye. Ufaransa, tangu sheria ya tarehe 3 Januari 1967, mwenye kununua nyumba ya kuishi ambayo haijajengwa analipa kwa kufuata kazi: fondasio ikiisha, mjengaji hawezi kuwa amepokea zaidi ya 35 kwa mia ya bei, jengo likifunikwa na mvua isiingie, 70, kazi yote ikiisha, 95. Ile 5 ya mwisho mnunuzi anaweza kuizuia mpaka kasoro zitengenezwe. Tena kuna dhamana: mjengaji akianguka njiani, banki ao asiransi inalipia kumaliza. Dubai nako, kwa sheria namba 8 ya 2007, pesa za wanunuzi zinaingia kwenye konti ya pekee ya jengo lile, mjengaji hawezi kuzitoa kununulia parsele nyingine. Watu wa Dubai si malaika kutushinda. Wamefunga mlango tu mbele mbuzi atoke.

Msiniambie kwamba Congo haiwezi. Sisi watu wa mines tunajua kwamba inaweza, kwa sababu sheria yetu imekwisha kufanya hivyo mahali pengine. Code minier ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, pamoja na reglema yake, inaomba kampuni iweke dhamana ya pesa kwa ajili ya kutengeneza udongo itakaoharibu. Hatungoji kampuni ipande ndege ndipo tuulize nani atafukia mashimo. (Kama dhamana hiyo inawekwa kweli kila mahali, hilo ni neno lingine, nasi wa sendika tunalo la kusema siku nyingine.) Hata mpangaji ana kitu: sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi 3. Wenye nyumba wanaivunja kila siku, lakini imeandikwa, unaweza kuionyesha. Anayenunua picha ya nyumba, yeye anabaki na sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ya wakati wa Leopold II. Waliotunga ile hawakuwaza ghorofa za kuuzwa kwenye telefone.

Sheria hiyo ya zamani lakini iko na meno mawili. Kifungu cha 33 kinasema mkataba uliofanywa sawasawa ni sheria kwa waliouweka. Kwa hiyo kile ambacho bunge halijaandika, wewe unaweza kukiandika kwenye mkataba wako: tarehe ya ufunguo, malipo kwa fungu kufuata kazi, na kiasi ambacho mjengaji anakatwa kwa kila mwezi wa kuchelewa. Asipotaka kuandika tarehe, amekwisha kukujibu. Kifungu cha 82 kinasema mmoja akishindwa kutimiza, mwingine anaweza kwenda kwa judji kuomba mkataba uvunjwe, na kulipwa hasara.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo Paris hawana: ziwa. Nimesikia wajengaji wanaochelewa wakisema, ni Tanganyika imepanda, ni kazi ya Mungu. Kweli sheria inamsamehe mtu aliyezuiwa na kitu ambacho hakuna aliyeweza kukiona mbele. Lakini Uvira ilipigwa na Mulongwe usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, watu wakafa, nyumba zikaenda. Ziwa likapanda miaka ile, likapanda tena 2024, maji yakaingia Kavimvira na Kalundu. Wazee wanakumbuka lile la miaka ya 1960. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Lukuga kule Kalemie. Anayeuza leo ghorofa ukingoni mwa maji, baada ya hayo yote, hawezi kusema hakujua. Udongo wa mahali pale, kimo cha fondasio, ukuta wa kuzuia maji, hiyo ni hesabu yake mbele ya kupanga bei. Mkataba useme wazi kwamba kupanda kwa ziwa si sababu ya kuchelewa. Vita ikifunga barabara ya Bukavu na siment haifiki, hapo tutasikilizana, lakini alete ushahidi wa siku zilizopotea, hapana maneno.

Mbele ya yote, mfahamu parsele ni ya nani. Kwa sheria ya mwaka wa 1973 ardhi ni ya Leta, na haki ya mtu juu yake inaonyeshwa na sertifika ya konservateri wa hati za ardhi. Fishi ya kartie haitoshi, ata ikiwa na mihuri mitano. Nenda ofisini kwa konservateri wewe mwenyewe ao mtume mtoto aliyesoma, uliza jina lililo kwenye sertifika, uliza kama kuna ipoteki ya banki juu yake.

Kwa wale waliokwisha kulipa na wanangoja: kupiga telefone kila juma na kugombana mbele ya mlango wa kamisionere hakuhesabiwi. Andika barua ya kumtaka atimize, yenye tarehe na siku alizopewa, ipelekwe na wisie (huissier) wa tribinali. Kuanzia siku ile ucheleweshaji wake unaanza kuhesabiwa mbele ya sheria. Chunga risi, picha za shantie, na mesaji zake zote.

Na kitu kimoja tunaweza kukifanya bila kungoja Kinshasa. Wachimbaji kumi wanaonunua kwenye jengo moja wasitie sahihi kila mmoja peke yake, usiku, nyumbani kwa kamisionere. Waende pamoja na avoka mmoja. Wamlipe pamoja enjenieri mmoja asiyekuwa mtu wa muuzaji, apande shantie mbele ya kila fungu la pesa kutolewa, aandike alichokiona: kuta ziko wapi, chuma cha kiasi gani, manjanja yamefika ao hapana. Bila karatasi yake, fungu halitoki.