Vidutu Vyekundu vya Utu Uzima

Mtu akishavuka miaka thelathini, si ajabu siku moja akioga akaona kifuani, tumboni au mgongoni kidutu chekundu, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Hakiumi wala hakiwashi. Miaka ikisonga huona cha pili, kisha cha tatu. Kwa mwenye ngozi nyeusi rangi yake huelekea zambarau, hata weusi.

Kwingineko jambo hili lingepita. Kwa wenzetu wa Kanazi, huko Ngara, halipiti kirahisi. Mkoa wa Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983, na baadhi ya wagonjwa wa maradhi hayo hutokwa na mabaka ya zambarau. Doa likionekana huzaa hofu, hofu huzaa dhana, na mke na mume walioishi pamoja miaka ishirini wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Mabaka yale ni saratani aliyoieleza Moritz Kaposi wa Vienna mwaka 1872. Mwaka huo huo mpasuaji wa London, Campbell De Morgan, aliviandika vidutu vyetu hivi, naye akavihusisha na saratani. Haikuwa hivyo. Ni vishipa vyembamba vya damu vilivyotanuka na kusongamana ndani ya ngozi. Haviambukizi, wala havigeuki saratani. Ikiwa bingwa alivishuku, mwanakijiji atalaumiwaje?

Kidutu ni cha mviringo, cha milimita chache, na aghalabu hukaa kiwiliwilini. Saratani ya Kaposi mara nyingi huanzia miguuni, au ndani ya kinywa, ikaenea. Mguu nao huweza kuvimba. Mwenye dalili hizo aende hospitali bila kukawia, na vivyo hivyo mwenye kidutu kinachokua haraka au kubadilika rangi. Ama VVU, hujulikana kwa kupima damu, si kwa kukagua mgongo wa mwenzio.

Wapo wanaovikata kwa wembe. Hatuliafiki kabisa: hutoka damu nyingi kuliko udogo wake, na wembe wa kuazimana ndio unaoweza kuleta maradhi yale yale yanayoogopwa. Anayechukizwa navyo amwone daktari wa ngozi. Huvichoma kwa umeme, kazi ya dakika chache. Asiyechukizwa na aviache.